Mtoto Asiogope Kliniki

Maneno ya muuguzi wa chanjo kwa wauguzi wenzake na wahamasishaji wa afya ya jamii

Nitasema machache, maana foleni ya kina mama naiona kutoka hapa dirishani.

Katika wiki ya 14 mtoto hudungwa sindano tatu siku moja: pentavalenti, nimonia na polio. Mama husikia kilio kile na kurudi nyumbani na uchungu moyoni. Miezi tisa ikifika, chanjo ya surua na rubela inamngoja mtoto, na kijitabu kimekaa kabatini. Tusiharakishe kumwita mama huyo mzembe. Pengine ni sisi tuliomtia hofu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kuhusu maumivu ya chanjo, na mwingi wake hauhitaji hata shilingi. Mtoto apakatwe na mama, asilazwe mezani na kukandamizwa. Kama ananyonya, anyonye muda mfupi kabla ya sindano au wakati uleule. Matone ya rota yatangulie, kwa kuwa ni matamu, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Tusivute bomba nyuma kutazama damu: pale pajani tunapodunga hapana mshipa mkubwa, na kuvuta huko huongeza maumivu bure. Kusugua tuache. Wala mama asimpe mtoto dawa ya maumivu kabla ya kuja. Homa ikimpata baadaye, atuulize.

Sasa kuhusu ndimi zetu. Wakati chanjo ya HPV ilikuwa bado dozi mbili, nilimwambia msichana wa miaka 10, "Haiumi hata kidogo." Iliuma. Akanitazama, akauliza kama na ile ya pili haitauma vilevile. Sikuwa na jibu, na sijui kama aliirudia. Siku hizi nasema tu, "Sasa nadunga," kisha namuuliza habari za shule.

Nanyi wahamasishaji mnaopita nyumba kwa nyumba, nawaomba jambo moja. Waambieni wazazi waache ile ya "nyamaza, ama nimwite daktari akudunge." Mtoto anayetishwa hivyo Jumapili ndiye tunayeletewa Jumatatu, ameshikilia mlango.