KUNUNUA ARDHI UKUNDA, NA KAZI YA WAKILI
Maongezi kwa wanunuzi wa viwanja wa Ukunda, Diani na Msambweni



Mtu asimamaye pale njia panda ya Ukunda, mahali barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga ikutanapo na ile iteremkayo Diani, hatakaa kitambo kirefu kabla hajaulizwa kama anatafuta ploti. Muulizaji huwa kijana mwenye adabu. Ana picha katika simu yake, ana nakala ya hati, na ana habari kwamba mnunuzi mwingine kutoka Nairobi anakuja kesho na fedha mkononi. Huyo wa Nairobi huwa anakuja kesho kila siku.

Tuseme aliyeulizwa ni mpishi, ambaye amefanya kazi katika hoteli za Diani miaka 20, akaweka akiba yake kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo. Fedha hizo ni nyumba ya watoto wake. Zikipotea, hana miaka 20 mingine ya kuzitafuta. Maongezi haya ni kwa ajili ya mtu kama huyo, na neno lake kubwa ni hili: kabla hajatoa hata shilingi moja ya kushika kiwanja, na amtafute wakili wake mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba wakili ni mtu wa matajiri, au wa kesi za mahakamani, na kwamba karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya wazee wa mtaa yatosha. Wazee wana heshima yao, na ushahidi wao una faida. Lakini sheria ya Kenya yataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Tena Sheria ya Mawakili yakataza mtu asiye wakili kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Dalali asemaye kwamba “fomu zote atajaza mwenyewe” anamwahidi mnunuzi kazi ambayo hana ruhusa ya kuifanya.

Basi wakili huyo achaguliwe namna gani? Kwanza, asiwe yule aliyeletwa na dalali, wala yule wa muuzaji. Si kwamba ni mtu mbaya. Ila mtu mmoja akipimia pande mbili kwa kibaba kimoja, ni vigumu kumtambua aliyepunjwa. Pili, mnunuzi aulize kama jina lake limo katika orodha ya Chama cha Wanasheria wa Kenya, na kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo huo. Cheti hicho huisha tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, na aliyekuwa nacho mwaka jana si lazima awe nacho leo. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na wakili wa kweli hachukizwi nako. Tatu, aulize kama amezoea kazi ya ardhi, hasa ya Kwale. Yuko wakili hodari wa kesi za jinai ambaye hajapata kupanda kilima kutoka Kombani kwenda kufungua daftari la ardhi.

Ada ipatanwe mapema na kuandikwa. Kuna amri ya Serikali iwekayo viwango vya malipo ya mawakili, na mnunuzi ana haki ya kuelezwa kipi ni cha wakili na kipi ni cha Serikali. Ushuru wa stempu peke yake ni asilimia 4 ya thamani ya kiwanja mahali pa mji, na asilimia 2 mashambani. Mpishi wetu asipoliweka hilo katika hesabu tangu mwanzo, atajikuta ana kiwanja asichoweza kukiandikisha kwa jina lake.

Sasa yafuata kazi yenyewe, ambayo sehemu yake kubwa ni kutafuta makosa. Wakili hupeleka nambari ya kiwanja, kama vile Kwale/Ukunda au Kwale/Galu Kinondo na tarakimu zake, katika ofisi ya msajili wa ardhi, akafanya sachi, kama wenyeji waiitavyo. Jibu huonyesha jina la mwenyewe, ukubwa wa kiwanja, na kama kina rehani ya benki au zuio la mtu mwingine. Lakini sachi huonyesha hali ilivyo siku hiyo tu. Kwa hiyo wakili mwangalifu huomba pia nakala ya ile kadi ya kijani, iliyoandikwa kila mtu aliyepata kukimiliki kiwanja hicho. Kiwanja kilichopita mikono minne kwa mwaka mmoja chastahili kuulizwa mbona kinakimbia.

Kwa nini historia hiyo ina maana kubwa hivi? Jibu liko Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Pale palikuwa na kiwanja cha ufuoni kilichogawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa siku zile, Daniel arap Moi. Kiliuzwa, kikauzwa tena, na mwaka 2006 kikanunuliwa na kampuni iitwayo Dina Management. Kampuni ilikuwa na hati, na ilikuwa imelipa fedha yake. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili watu wapate njia ya kufika baharini. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, nayo tarehe 21 Aprili 2023 ikaamua kwamba mahali pale palikuwa uwanja wa umma, hapakugawiwa kwa njia ya sheria tangu mwanzo, na hati iliyozaliwa hapo haikuweza kumlinda mnunuzi wa baadaye, hata kama alinunua kwa nia njema. Katika mwaka huo huo Mahakama hiyo iliamua katika kesi nyingine kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu milki ya ardhi. Walio na barua za namna hiyo wangali wakizitembeza, na mtu wa Diani, penye njia nyingi za kuteremkia pwani, ana sababu ya kuyasikia mambo haya kwa masikio yote mawili.

Pwani ina mafundo yake ambayo hayako bara. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wadai wa ardhi ya ukanda wa pwani wapeleke madai yao kwa mwandikishaji, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wadigo wengi na Wamijikenda wenzao hawakupata hati kwa mashamba waliyokuwa wakiyalima. Kutoka huko yametoka mambo mengi ya maskota, ya wenye nyumba wasio na ardhi chini yake, na ya minazi ambayo mwenyewe ni mmoja na shamba ni la mwingine. Sachi haitaji minazi. Kwa sababu hiyo mnunuzi aende mwenyewe kiwanjani, mchana, pamoja na mpima ardhi aliyesajiliwa, waangalie kama bikoni zipo mahali pake katika ramani, kisha aongee na majirani. Akikuta makaburi, au ajuza anayeokota nazi na kusema shamba ni la babake, akamweleze wakili kabla ya kuweka sahihi. Mahali palipo karibu na kaya, kama Kaya Kinondo, mipaka iangaliwe mara mbili.

Jambo la mirathi limewaliza wengi zaidi. Hati ina jina la babu aliyekwisha kufariki, na auzaye ni mjukuu mmoja mwenye haraka. Huyo hana cha kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani, au kwa Kadhi kama marehemu alikuwa Mwislamu, na warithi wote wajulikane. Hapo wakili atamwambia mpishi angoje au atafute kiwanja kingine. Ni maneno machungu kwa mtu aliyekwisha kuchora nyumba yake kichwani, lakini ndiyo aliyomlipa wakili amwambie.

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, yahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, chini ya sheria ya mwaka 1967, na ombi lipelekwe kabla miezi 6 haijapita tangu mapatano. Bila kibali mapatano ni bure kabisa.

Kuhusu fedha, kawaida ni kutoa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, na iliyobaki baada ya siku 90 hivi, hati zote zikiwa tayari. Asilimia 10 hiyo iwekwe kwa wakili, katika akaunti ya fedha za wateja, na kila malipo yapewe risiti. Isipite kwenye simu ya dalali, wala isihesabiwe mezani hotelini. Mnunuzi naye ana wajibu: apeleke kitambulisho na nambari yake ya kodi kwa wakati, asome kila ukurasa, aombe afasiriwe kwa Kiswahili asichokielewa, wala asitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu. Asimfiche wakili neno lolote, hata lile la kwamba alikwisha kutoa kishika nafasi kwa siri.

Wakili asipojibu barua, au akikalia fedha, mteja aweza kumshtaki bila gharama kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Siku hati mpya inapotoka yenye jina la mpishi, kazi imebakiza jambo moja. Afanye sachi nyingine, aone kwa macho yake kwamba daftari la Kwale linasema vile vile kama karatasi aliyoishika, ndipo aite fundi achimbe msingi.