Kutoka Maskati Hadi Penye Barafu

Jina la Busaidi halihitaji maelezo kwa watu wa Zanzibar, wala kwa Waswahili wa Maskati. Mwaka 2009 jina hilo lilifika mahali pageni kwalo: Nabil Al Busaidi wa Oman alitembea kwa miguu hadi ncha ya sumaku ya kaskazini, akatajwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo.

Safari ya huko ilianzia Resolute, kijiji cha Wainuit katika kaskazini ya mbali ya Kanada. Wainuit tangu kale walivuka barafu kwa sleji zivutwazo na mbwa. Mwaka 2007 mbwa walishindanishwa na gari la watangazaji wa televisheni wa Uingereza, gari likashinda.

Al Busaidi na wenzake hawakuwa na mbwa wala injini. Waliburura wenyewe chakula, hema na mafuta ya kuyeyushia theluji, kwani juu ya bahari iliyoganda tone la kunywa halipatikani bila moto. Na jasho, ambalo Maskati humpoza mtu, huko huganda nguoni na laweza kumwua.

Ajabu ni kwamba ncha yenyewe huhama. Mahali walipopalenga palipimwa mwaka 1996. Walipofika, sumaku ilikwisha kusogea kuelekea Siberia.