Tangi la Kioo na Bwawa la Mlimani



Wazee wetu wa Ameru na Aembu hawakuwa walaji wa samaki. Mito ya Kathita, Thuchi na Rupingazi waliivuka, wakanywesha mifugo humo, lakini viumbe wa majini hawakuwashughulisha. Kando ya Ziwa Viktoria kijana hufunzwa na babu yake mahali ngege, yaani tilapia, anapotagia. Huku mlimani elimu hiyo haikuwepo ya kurithiwa. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300. Kanyakine, Imenti Kusini, pakajengwa hata kiwanda cha kusindika samaki. Tulipata mabwawa na vifaranga kabla ya kuzijua tabia za samaki wenyewe.

Mkulima huvuta wavu baada ya miezi minane, akatoa samaki wengi wasiozidi kiganja cha mtoto, na papo hapo analaumu chakula. Mara nyingi tatizo ni uzazi. Tilapia aliyebanwa bwawani huanza kuzaa mapema, pengine akiwa na miezi mitatu au minne na uzito wa gramu hamsini tu. Watoto hunyang'anyana chakula na wazazi, na wote hudumaa. Mambo haya hutokea chini ya maji ya rangi ya udongo, ambako jicho la mkulima halifiki.

Ndiyo maana natetea tangi la kioo. Chukua tangi la lita mia mbili hivi, mwaga mchanga chini, weka pampu ya hewa, kisha tia dume mmoja na majike watatu au wanne. Dume huchota mchanga kwa mdomo, anautema kando, mpaka shimo la mviringo litokee. Jike akiwa tayari hushuka humo, hutaga, kisha hugeuka na kuyaokota mayai kwa mdomo. Kuanzia hapo mtazame taya lake: limevimba chini, na linatafuna polepole ilhali hakuna anachokula. Anayageuza mayai ili yapate hewa. Hula kidogo sana au hali kabisa kwa takriban wiki mbili, na vifaranga wakianza kuogelea hurudi mbio mdomoni wakiona kivuli. Jike aliyefunga hivyo hanenepi. Mwanafunzi aliyemwona hahitaji kukariri sababu ya kutenga dume na jike.

Ukitia madume wawili utajifunza jingine. Anayeshindwa hubadilika rangi, macho yake yakawa meusi, akajibanza pembeni. Usipompa vigae vya kujifichia, atapigwa hadi afe. Majike nao husumbuliwa hivyo hivyo tangi likiwa dogo. Wapenzi wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani, wanaofuga jamaa za tilapia kutoka Ziwa Malawi na Tanganyika, wanalijua hilo vizuri. Sisi tunaolea samaki hao kwa chakula tuna sababu kubwa zaidi ya kulijua.

Kuna suala la baridi. Tilapia haanzi kuzaa vizuri maji yakiwa chini ya nyuzi 22 hivi. Ndiyo sababu samaki wa bwawa la nyanda za juu za Meru hukua polepole mwezi Julai, na bwawa la Mbeere, kwenye joto, hujaa watoto haraka. Tatizo la kwanza si la pili, na ushauri mmoja hautibu yote mawili. Kwenye tangi, hita na kipimajoto vinamwezesha mwanafunzi kushusha na kupandisha joto na kuona dume anapoacha kuchimba.

Ili kuzuia uzazi huo, vituo vingi huzalisha madume pekee kwa kuwalisha vifaranga homoni wiki chache za mwanzo. Sipingi, mradi ifanywe na mtaalamu. Ila kwa shule na vikundi vya wakulima napendelea kuchagua kwa mkono: samaki akifika gramu ishirini au thelathini, mpindue, tazama tundu zilizo nyuma ya tumbo. Dume ana mbili, jike ana tatu. Tone la wino hufanya zionekane. Majike wafugwe kando, na kambare wachache watiwe bwawani kumeza watoto wa majike watakaoponyoka macho yetu.