USIDHANI YUMO MSAFARANI

Neno kwa wazazi, lililotolewa Bukoto, Kampala, katika maadhimisho ya ushirika wetu

Nawasalimu ninyi mliokuja kwa mabasi kupitia Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe, na wenyeji wetu wa Bukoto ambao nyumba zenu zimejaa wageni. Nakusalimu na wewe unayesoma jarida hili nyumbani.

Fungua Luka 2, kuanzia mstari wa 41. Yesu ana miaka 12. Pasaka imekwisha, Yusufu na Mariamu wameshika njia ya kurudi Nazareti. Wanatembea siku nzima wakiamini mtoto yuko na wenzake. Wanamtafuta kwa ndugu na jamaa, hayupo! Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wametoka kuabudu. Shida yao ilikuwa moja: walidhani.

Mzazi, na wewe je? Mtoto wako wa miaka 15 anakaa kanisani kila Jumapili, amevaa vizuri, anapiga makofi. Unadhani yumo. Ulimuuliza lini? Mpakani hata ukisema "huyu ni wangu", afisa bado anataka karatasi ya mtoto. Wokovu ni hivyo hivyo. Katika 2 Timotheo 1:5 Paulo anataja imani ya bibi Loisi na mama Eunike, lakini haishii hapo. Anasema ana hakika imo hata ndani ya Timotheo mwenyewe.

Hapa Uganda watoto wetu wengi wako shule za bweni. Mwaka una mihula mitatu, mtoto unampata likizo tu. Siku ya kuwatembelea tunabeba kuku, chapati na soda. Tunauliza alama za hesabu, tunaacha pesa ya matumizi, tunaondoka. Nani anauliza, "Mwanangu, unaomba? Nini kinakusumbua?" Likizo ikifika anashika simu asubuhi hadi usiku, na sisi tuko kwenye mkesha. Tunaombea watoto wa wengine, wa kwetu yuko peke yake sebuleni.

Mnakumbuka wakati wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Makanisa nayo yalifungwa kwa vipindi. Mabinti wengi walipata mimba, wavulana wengi wakaingia kwenye vibarua na hawakurudi darasani. Mzazi aliyekuwa ameachia kanisa kazi yote alijikuta hajui aanzie wapi na mtoto wake mwenyewe.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mruhusu aulize. Yesu alipatikana wapi? Katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Wale wazee hawakumfukuza. Kijana mmoja wa S.3, wazazi wake Wakongo, aliniuliza: "Mtumishi, kama Mungu anatulinda, mbona mama alikimbia vita mara mbili?" Kumbe mtu alishamwambia hilo ni swali la shetani. Hapana! Hilo ni swali la Gideoni. Tulikaa tukasoma Waamuzi 6:13. Sikumpa jibu la haraka, maana sina. Lakini aliona swali lake limo ndani ya Biblia, na kwamba Bwana hakumkemea Gideoni. Alimpa kazi.

Pili, mpe kazi, na isiwe kupanga viti tu. Watoto waliokulia Kampala wanaongea Luganda na Kiingereza, na sisi tunahubiri Kiswahili cha Bukavu na Mwanza. Mwache atafsiri mahubiri. Ili atafsiri lazima asikilize! Mwache asome Neno, ashike mitambo ya sauti, aende na wazee kuona wagonjwa.

Tatu, kaa naye mezani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hapo Musa hakutaja mimbari. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni zinatosha kuanza. Na simu ya mzazi ndiyo iwekwe chini kwanza.

Sasa wewe ambaye wako ameshatoka. Najua mko wengi, na wengine mnaficha. Yusufu na Mariamu hawakumtuma mzee wa kanisa. Walirudi wenyewe, wakamtafuta mpaka siku ya tatu. Walipomwona, mama alimwambia uchungu wake, basi. Usimtangaze mwanao madhabahuni kama mfano mbaya. Mwendee. Kama yuko Nairobi au Goma, mpigie leo, na usianze na lawama.

Kesho mabasi yanaondoka. Kabla hujahesabu mizigo, hesabu watoto, na umuulize kila mmoja kwa jina lake yuko wapi na Yesu. Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, Mungu wa vizazi, awakumbuke watoto wetu pande zote za mipaka. Amina.