Baba Amevishwa Kinyago, Naye Ataka Kufunga

Ndugu yangu, ikiwa mzazi wako anatibiwa saratani ya koo kwa mionzi, nisikilize. Plastiki hulainishwa kwa maji moto ikafinyangwa usoni mwake iwe kinyago, kisha akapigwa picha za CT akiwa nacho. Juu ya picha hizo daktari huchora uvimbe, na tezi za mate na uti wa mgongo ili viepushwe. Hesabu ni ya milimita, na mara nyingi hutumika siku 35, wiki 7. Sasa mzee akikonda, kinyago kinalegea, mionzi inakosa shabaha, pengine mpango uanzwe upya. Na koo limechubuka, hata maji hayamezeki! Asifunge eti anaona haya majirani. Mgonjwa ana ruhusa. Atalipa akipona, inshallah. Mchana huo huo mpikie uji wa maziwa, na kila wiki apimwe uzani.