Anayepewa Naye Ana Haki ya Kuuliza

(Maneno ya mgeni wetu, karani mstaafu wa ugawaji wa chakula, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu hapa Ngara)

Hongereni kwa kutimiza miaka kumi. Miaka kumi si mchezo. Vipo vyama vilivyokufa kabla ya mgao wa pili, na sababu mnaijua: daftari lilikuwa la mtu mmoja.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie misaada, maana tangu mvua zilipobomoa nyumba mmekuwa mkitoa fedha za mfuko wa jamii kwa familia zilizopata maafa, hata zisizo za wanachama. Ni jambo jema sana. Lakini mimi nimewahi kukaa upande wa kugawa, na leo nimekuja kueleza kosa langu.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Nikapata kazi ya ukarani kwenye mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta. Siku zile za mwanzo orodha tulizipokea kwa viongozi wao wenyewe, kila watu na komini waliyotoka. Ilikuwa njia rahisi, maana sisi hatukuwajua watu. Kumbe viongozi wengine waliandika majina ya watu hewa wakachukua na chakula chao, na baadhi yao ndio waliokuwa wameongoza mauaji kule walikotoka. Anayeshika orodha ya chakula ameshika watu, jamani.

Siku moja akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Alisema Kinyarwanda, na Kihangaza changu kikatosha kumwelewa. Wiki ya pili hiyo hajapata kitu, jina lake limeondolewa. Nikamwuliza, umemwambia kiongozi wako? Akaniangalia tu. Foleni ilikuwa ndefu, nikapaza sauti: nenda kwa kiongozi wako, yeye ndiye mwenye orodha. Akaondoka. Hakurudi tena kwenye meza yangu.

Nilimrudisha kwa yule yule aliyemfuta! Wala sikumwibia punje moja. Mizani yangu ilikuwa sawa, karatasi zangu safi. Wakaguzi walikuja wakaziona, wakaridhika. Yule mama ndiye hakuulizwa na mtu. Hesabu tulikuwa tunaitoa juu, kwa wenye fedha. Huku chini hatukumtolea mtu hesabu.

Baadaye dunia ilijifunza kidogo. Mwaka 1996 ilitoka tathmini kubwa ya kimataifa juu ya misaada ile ya Rwanda, na mwaka 1997 mashirika yakaanza mradi wa Sphere wa kuweka viwango, kama vile angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Mwaka 2002 yakafichuka ya aibu huko Guinea, Liberia na Sierra Leone: wasichana kambini walisema baadhi ya wafanyakazi wa misaada waliwataka mwili ndipo wawape chakula. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukatoa amri ya kukataza jambo hilo kwa watumishi wake, na anayelishuku anatakiwa kuripoti, asinyamaze. Mwaka 2014 zikatolewa ahadi tisa kwa watu waliofikwa na maafa. Ya tano inahusu malalamiko: yapokelewe na yashughulikiwe.

Siku hizi utaona sanduku la maoni, au namba ya simu ya bure. Vizuri. Ila sanduku likitundikwa mlangoni kwa anayelalamikiwa, na mwenye shida hajui kuandika, hilo ni pambo la ukuta.

Sasa nije kwenu. Sanduku lenu lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na salio linatajwa kwa sauti kila mkutano mpaka aliyesinzia analijua. Mnacheka, lakini elimu hiyo sisi Benaco hatukuwa nayo. Basi asubuhi nimeuliza: orodha ya waliobomolewa nyumba imetungwa na nani? Nikajibiwa, kamati. Aliyeachwa analalamika kwa nani? Nikajibiwa, kwa kamati.

Mwenyekiti, usininunie. Wale si wanachama. Hawakai kwenye mkutano, hawasikii daftari likisomwa. Naomba orodha isomwe hadharani kabla fedha hazijatoka, pamoja na kiasi cha kila mmoja na sababu ya kuchaguliwa. Na mteue mama mmoja asiye wa kamati, wala si ndugu wa mwanakamati, apokee malalamiko na kurudisha majibu.

Njiani nimekutana na mama ambaye nyumba yake haina ukuta wa nyuma, na jina lake halimo. Sitamtaja hapa. Nimemwahidi kwamba kabla sijapanda gari jioni nitamwambia amwendee nani. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla pilau halijapakuliwa naomba nipewe jina.