Haki na Wajibu wa Baba Wazazi Wanapotengana

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na afisa wa huduma za jamii wa kaunti katika baraza la wananchi huko Rukanga, Wadi ya Kasigau. Tunaichapisha kwa faida ya wakazi wote wa Taita Taveta.

Najua wengi mmeacha kazi za shamba kuja hapa, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Wazee wameomba tuzungumze juu ya kesi wanazoletewa mara kwa mara. Baba na mama wameachana, mtoto yuko upande mmoja, na baba anauliza, "Mimi nina haki gani?" Baba mwingine hata haulizi. Anakuja jioni na bodaboda, anamchukua mtoto kwa nguvu, na mambo yanaishia kituo cha polisi. Mwingine anakata tamaa na kunyamaza, na mtoto anakua bila kumjua babake, ilhali baba mwenyewe yuko Voi tu. Katika hali zote mbili anayeumia ni mtoto.

KATIBA INASEMA NINI

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi. Inaongeza kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu hicho hicho kinasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza.

Sheria ya zamani, ile ya mwaka 2001, haikuwa hivyo. Ilisema wazazi wakiwa hawajaoana, wajibu wa mzazi uko kwa mama kwanza, na baba alipaswa kuupata baadaye, kwa mfano kwa makubaliano na mama au kwa kuomba mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo ndiyo tunayotumia sasa. Kifungu cha 32 kinasema wazazi wana wajibu sawa juu ya mtoto, na hakuna kati yao mwenye haki kubwa kuliko mwenzake, mtoto awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje ya ndoa.

Angalieni neno hilo "wajibu". Haki ya baba kumwona mtoto na jukumu la baba kumlisha mtoto zimo katika neno hilo moja. Anayetaka moja ajue na la pili linamhusu.

MAHARI NA MTOTO

Wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba baba ambaye hakutoa mahari hana mtoto, kwamba mtoto ni wa boma la kina mama. Na upande wa pili, tumesikia kwamba aliyetoa mahari anaweza kumchukua mtoto wakati wowote kwa sababu "ni damu yake na amelipa". Kwa sheria ya leo, yote mawili hayasimami. Mahari ni jambo la heshima kati ya familia mbili, na wazee waendelee kulizungumza kwa njia zao. Lakini babu hawezi kumfungia mjukuu nyumbani kama dhamana ya ng'ombe ambao hawajaletwa. Na baba aliyeleta ng'ombe hakununua mtoto.

Mahakama inaweza kuangalia mila za jamii inapoamua kesi ya mtoto, lakini mila ni moja tu kati ya mambo mengi, na haiwezi kupita maslahi ya mtoto.

ULEZI NA KUONANA NA MTOTO

Haya ni mambo mawili tofauti. Ulezi ni swali la mtoto aishi na nani, na nani amwangalie kila siku. Kuonana ni haki ya mtoto kukaa na mzazi ambaye haishi naye: kutembelewa, kwenda kwake wakati wa likizo, kuzungumza naye kwa simu. Mzazi anaweza kukosa ulezi wa kila siku na bado akawa mzazi kamili katika mambo makubwa kama shule, matibabu na dini.

Mahakama inapoamua mtoto aishi wapi, huangalia mwenendo wa wazazi, matakwa yao, usalama wa mtoto, shule yake, ndugu zake aliozaliwa nao, na maoni ya mtoto mwenyewe kulingana na umri na akili yake. Kwa miaka mingi mahakama zetu zimeona kwamba mtoto mdogo sana afaa kukaa na mama, isipokuwa kuna sababu nzito. Sababu hizo ni kama mama kumtelekeza mtoto au kumweka katika hatari. Siku hizi mahakama huupima msimamo huo pamoja na usawa ulio katika Katiba, lakini baba wa mtoto anayenyonya asitarajie kupewa ulezi kwa sababu tu ana nyumba kubwa. Anachoweza kuomba, na mara nyingi akapata, ni nafasi ya kumwona mtoto kwa utaratibu.

Kuna hali ambapo mahakama itakataa, au itaweka masharti. Kama baba amempiga mama au mtoto, au kuna unyanyasaji wa aina yoyote, mahakama inaweza kuagiza wakutane mbele ya mtu mwingine, au wasikutane kabisa. Mama aliyekimbia kipigo asilazimishwe na wazee kurudi au kumtoa mtoto "ili tumalize maneno". Jambo hilo si la kusuluhishwa chini ya mti. Ni la polisi na mahakama.

"HATOI PESA, HAMWONI MTOTO"

Maneno haya tunayasikia sana, na jibu lake ni hili. Matunzo ni ya mtoto na kuonana pia ni kwa ajili ya mtoto. Mama asimzuie mtoto kumwona babake kwa sababu pesa za mwezi huu hazijafika. Baba naye asikatae kutoa pesa za chakula na karo kwa sababu amezuiwa kumwona mtoto. Kila mmoja ana njia yake ya kudai, na njia hiyo ni kwa afisa wa watoto au mahakamani. Anayekaidi amri ya matunzo anaweza hata kufungwa. Anayekaidi amri ya kuonana naye anaweza kuadhibiwa na mahakama.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, hakikisha uhusiano wako na mtoto unajulikana. Jina la baba liwe kwenye cheti cha kuzaliwa. Zamani, wazazi wasiooana walihitaji kuomba pamoja ndipo jina la baba liandikwe, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kama kuna ubishi juu ya baba ni nani, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya DNA.

Pili, weka kumbukumbu. Ujumbe wa M-Pesa, risiti za karo, risiti za hospitali, hata jumbe za simu mlizoandikiana juu ya mtoto, zihifadhi. Kina baba wengi husema "mimi nilikuwa namtunza", lakini hawana hata karatasi moja.

Tatu, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kwa watu wa Kasigau, huyo yuko Voi. Hulipi chochote. Atamwita mzazi mwenzako, awasikilize wote wawili na kuwasaidia kuandika makubaliano. Najua wanaume wengi huona haya, wakidhani ofisi hiyo ni ya kina mama. Ni ofisi ya watoto, na baba anakaribishwa sawa na mama.

Makubaliano mazuri husema mambo waziwazi. Tuseme baba ni mlinzi Mombasa, na mama yuko hapa Rukanga na mtoto wa gredi ya tatu. Wanaweza kuandika kwamba baba atatuma kiasi fulani kufikia tarehe 5 ya kila mwezi. Kwamba atapiga simu kila Jumapili jioni. Kwamba likizo itagawanywa nusu kwa nusu. Kwamba baba atalipa nauli na kumpokea mtoto Maungu mwenyewe, bila kumtuma mtu asiyejulikana. Na kwamba mtoto akiugua, mzazi mwingine ataambiwa siku hiyo hiyo. Makubaliano ya "utamwona ukija" huzaa ugomvi, kwa sababu kila mmoja huyaelewa anavyotaka.

Nne, kama mazungumzo yameshindikana, nenda Mahakama ya Watoto. Mahakimu wako Voi, Wundanyi na Taveta. Kesi ya mtoto haisikilizwi mbele ya umati, na jina la mtoto hulindwa. Mahakama inaweza kumtuma afisa wa watoto atembelee nyumba zote mbili na kuleta ripoti, na inaweza kutoa amri ya muda wakati kesi ikiendelea. Hali ikibadilika, kwa mfano mzazi akihama au mtoto akikua, unaweza kuomba amri ibadilishwe. Asiye na uwezo wa wakili aulize kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Niseme wazi kwamba maafisa wa watoto wako chini ya serikali ya kitaifa, na mahakama ni huru. Sisi wa kaunti hatuamui kesi hizi. Kazi yetu ni kuwaeleza na kuwaelekeza, na kwa hilo milango yetu iko wazi.

MAMA AKIFARIKI

Kuna swali linalotoka sana kwa kina nyanya. Mama amefariki, mtoto yuko kwa nyanya yake, na baba amejitokeza. Sheria inasema mzazi aliyebaki anaendelea kuwa na wajibu juu ya mtoto, peke yake au pamoja na mlezi ambaye marehemu alimteua. Kwa hivyo baba hawezi kufukuzwa tu. Lakini nyanya aliyemlea mtoto tangu akiwa mchanga pia anaweza kwenda mahakamani, na mahakama itauliza: mtoto huyu amemzoea nani, na mabadiliko yafanywe vipi asiumie? Baba mwenye busara huanza kwa kutembelea, kuleta sare na vitabu, kumfanya mtoto amzoee. Hamng'oi mtoto siku ya matanga.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimchukue mtoto shuleni au njiani bila mzazi mwenzako kujua. Hata kama una haki, ukifanya hivyo unaiharibu kesi yako mwenyewe. Usimtukane mzazi mwenzako mbele ya mtoto. Usimtumie mtoto kubeba maneno: "mwambie mamako", "mwambie babako". Na ninyi wazee, mkiletewa kesi, andikeni mliyokubaliana, kila upande utie sahihi, na muwaelekeze kwa afisa wa watoto. Kama mtoto ana majeraha, hana chakula, au kuna dalili ya kudhulumiwa, msikae kikao. Pigeni simu bila malipo nambari 116 ya kusaidia watoto, au 1195 kwa dhuluma za kijinsia.

Kina baba, kama una mtoto ambaye hujamwona kwa mwaka mzima, anza wiki hii. Nenda kwa chifu, chukua barua, uende Voi ukamwone afisa wa watoto. Na kina mama, baba akija kwa njia hiyo ya sheria, msikilizeni.

Nitabaki hapa na wenzangu kwa wale wenye maswali ambayo hawangependa kuyauliza mbele ya watu.